Kabla Hujapigilia Kapeti

Aprili moja, maji yalipoingia sebuleni kwa shangazi yangu huko bondeni Kyela, tuliokoa magodoro, tukaokoa televisheni, tukaokoa hata kuku aliyekuwa anaatamia nyuma ya mlango. Kapeti lilitushinda. Fundi alikuwa amelibandika kwa gundi ya viatu kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akalizungushia mbao kwa misumari ya zege, na siku aliyomaliza kila mtu alimsifu. Tulipolivuta lilichanika vipande kama chapati. Maji yalikaa siku tatu. Yalipotoka yalituachia mabaka meusi ya gundi sakafuni, mbao zilizovimba, na harufu ya mpunga uliolala na unyevu ndani ya gunia. Shangazi alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akasema, "Fundi yule alikuwa hodari kupita kiasi."

Tangu hapo mtu akiniuliza namna ya kushikisha kapeti ili lisitembee, lisijikunje, lisimwangushe mgeni, namjibu kwa swali: na siku ya kulitoa, utalitoaje? Kwa mtu wa Dodoma huenda swali hilo lisiwe na uzito. Kwa mtu wa Ipinda, Mwaya, Ngonga au Matema ndilo la kwanza, na bei ya gundi ni la mwisho.

Kyela ni sahani. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya wilaya imelala juu kidogo tu ya hapo. Nyuma yetu imesimama milima ya Rungwe, na upande wa mashariki safu ya Livingstone. Mvua ya huku huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huanguka kati ya Machi na Mei. Hata siku ambayo kwako kumekauka, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inakuteremshia maji yaliyonyesha kwa watu wengine. Maji hayohayo ndiyo yanayotupa mpunga unaosakwa mpaka Dar es Salaam, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba ushauri mwingi wa kapeti unaozunguka kwenye simu zetu umetolewa na watu ambao sakafu zao hazijawahi kuonja mto. Wao wanataka kapeti likae miaka 20 bila kuguswa. Sisi tunataka lishike vizuri Januari na liachie bila matusi Aprili.

Lakini lishike. Nisije nikaeleweka kwamba nawaambia watu walitupe tu sakafuni likae litakavyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linaloumia zaidi ni la wenye umri unaozidi miaka 60. Humo wamo walioanguka kutoka kwenye miembe na mapaa, ndiyo, lakini kwa bibi mwenye nyonga dhaifu pindo la kapeti lililoinuka kwa unene wa kidole linatosha kabisa. Na si wazee peke yao. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hakupaswa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia sauti yake uani, alitafuta njia nyingine. Desturi imelegea sana, ila wenye kuishika bado wapo. Nimemwona mmoja akitoka sebuleni kwa kasi ya heshima, kidole cha mguu kikanasa kwenye pindo, akaangukia miguuni mwa mzee yuleyule aliyekuwa anamkwepa. Alikuwa na chai mkononi.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, na si kwa sababu walikalia vumbi. Mskoti Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alizistaajabia nyumba za huku, usafi wake na migomba iliyozizunguka. Kitu cha kukalia katika nyumba zile kilikuwa mkeka au jamvi, na mkeka haupigiliwi. Unatandikwa mgeni akija, unakung'utwa akiondoka, unaviringishwa na kuegeshwa ukutani au kutundikwa juu. Kishikizo chake ni makalio ya watu. Mtu anayelala mahali ambapo maji huja bila hodi alijitengenezea tandiko linaloweza kubebwa kwapani. Sisi tuliponunua kapeti tulipata rangi na ulaini, tukapoteza kubebeka. Kazi iliyobaki ni kukirudisha hicho kilichopotea bila kurudi kukaa juu ya ukindu mtupu, ingawa kusema kweli mwezi wa Novemba, joto linapokuwa kali, ukindu haushindwi na kitu.

Anza na sakafu, si na kapeti. Kama sakafu yako ni ya udongo, nakuomba usiweke kapeti la plastiki kabisa, hata kama jirani ameweka. Udongo unapumua. Ukiufunika kwa plastiki, unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea, na mchwa wanapata giza na maji, vitu viwili wanavyovipenda. Mkeka unatosha mpaka siku utakapomwaga zege.

Kama ni ya saruji, uliza imekaa muda gani. Sakafu mpya huonekana kavu juu huku tumboni ikiwa bado imeshiba maji. Mafundi wa sakafu wana kanuni ya kukadiria: siku moja kwa kila milimita ya unene, mahali hewa ilipo kavu. Plasta ya sakafu ya milimita 50 inataka siku 50 basi, na hewa ya huku si kavu, kwa hiyo ongeza. Kipimo cha bure ni hiki: chukua nailoni safi isiyo na tundu, upana wa nusu mita kila upande, ilaze sakafuni na uibandike kingo zote kwa selotepu pana. Iache usiku kucha na mchana wake. Ukiifunua ukakuta matone upande wa chini, au saruji imekoza rangi pale ilipokuwa, basi sakafu inatoa maji, na gundi yoyote utakayopaka juu yake itaachia yenyewe baada ya miezi michache. Fanya kipimo hiki mara mbili, kiangazi na masika, kwa sababu maji ya ardhini huku hupanda na kushuka pamoja na mito. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni nzito chini ya zege. Hizo zitatoa jasho maisha yao yote, na dawa yake ni kutandika kitu kinachoinulika.

Sakafu iliyopigwa niru ikalainika kama kioo, na ile ya rangi nyekundu inayosuguliwa kwa polishi, zina tabia moja: hazishiki kitu. Utepe wa gundi utang'oka na nta yake. Ukitaka kubandika chochote juu ya sakafu ya polishi, osha kwanza sehemu ile kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, kausha, kisha ukwangue kidogo kwa msasa. Mistari ya upana wa vidole vitatu inatosha, huhitaji kuharibu sebule nzima. Tailizi ni rahisi zaidi. Ni kavu juu na safi, na utepe unazipenda, isipokuwa kwenye maungio yake.

Halafu lijue kapeti lenyewe. Madukani Kyela mjini na mpakani Kasumulu utakuta aina mbili kubwa. Lipo la plastiki, linalokatwa kwa mita kutoka kwenye robota, lenye maua au picha ya mbao. Na lipo la manyoya, ambalo huja kama zulia lenye vipimo vyake au hukatwa pia. Watu huyashika kwa njia moja, na hapo ndipo pesa inapoanza kupotea.

La plastiki halitembei sana. Tatizo lake ni kujikunja na kuvimba. Limeishi kwenye robota miezi mingi, na linakumbuka. Ukifika nalo nyumbani usilikate siku hiyo. Lifungue, lilaze chumbani uso ukiwa juu, weka matofali yaliyofungwa magazeti kwenye pembe, liache lilale usiku mzima. Kama unaweza, litoe juani nusu saa kwanza, lilainike. Mtu akifanya hivi tu, nusu ya vishikizo alivyotaka kununua havihitajiki tena. Ukilikata, acha nafasi ndogo kati yake na ukuta, kama unene wa penseli, pande zote. Kapeti lililobanwa na kuta nne halina pa kwenda joto linapolitanua, kwa hiyo linapanda juu katikati ya chumba, na mwenye nyumba anadhani gundi imekuwa kidogo. Anaongeza gundi, nalo linavimba pengine.

Makapeti hayo mengi yana upana wa mita mbili, kwa hiyo sebule ya kawaida itahitaji vipande viwili, na maungio ndipo vidole vya miguu vinaponasa. Usiyapitishe maungio mbele ya mlango wala kwenye njia ya jikoni. Ya kwangu nimeyaficha chini ya makochi. Pishanisha vipande viwili kwa sentimita tano, weka rula ndefu au ubao ulionyooka katikati ya mpishano, kisha kata vyote viwili kwa pamoja kwa kisu chenye wembe mpya. Ondoa vibanzi viwili vilivyokatika, na kingo zitakutana kama milango ya kabati. Chini yake pitisha selotepu ya pande mbili, upana wa sentimita tano. Hapo tu ndipo ninapokubali kitu cha kunata chini ya kapeti la plastiki, hapo na mlangoni.

Selotepu hiyo ya pande mbili inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya vifaa vya ofisi. Ile nyembamba ya karatasi haifai. Chagua yenye kitambaa ndani, unaziona nyuzi zake ukiichana. Ibandike kwanza sakafuni, ikanyage, ndipo uondoe karatasi ya juu na kulaza kapeti. Ubaya wake ni kwamba inaacha ulimi wa gundi ikitolewa. Ulimi huo unalainika ukipakwa mafuta ya kupikia na kuachwa dakika 20, kisha ukafutwa kwa sabuni. Mafuta ya alizeti, tafadhali, si mawese. Nilishawahi kutumia mawese kwa sababu yalikuwepo, nikabadilisha doa jeusi kwa doa jekundu.

Zulia la manyoya ndilo linalotembea. Kila hatua inalisukuma kidogo, na kwenye tailizi au niru linaweza kumtelezesha mtu mzima kama boti. Dawa ya kwanza ni uzito. Zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kule Muscat, ambao ndugu zetu wengi wa Oman wameswalia, lina tani 21 na linafunika zaidi ya mita za mraba 4,300. Piga hesabu utaona ni karibu kilo tano kwa kila mita ya mraba, na juu yake kuna maelfu ya watu. Halina haja ya msumari. La kwako la mita mbili kwa tatu ni jepesi, kwa hiyo likopeshe uzito wa vyombo: miguu ya mbele ya makochi ikae juu ya zulia kwa upana wa shubiri, na meza ikae katikati. Watu wengi huweka zulia dogo katikati ya sebule kama kisiwa, halijakanyagwa na kiti hata kimoja, halafu wanalalamika kwamba linahama. Nunua kubwa zaidi au sogeza makochi. Kusogeza hakuna gharama na hushinda nusu ya vifaa vyote nitakavyovitaja.

Kwa zulia ambalo haliwezi kuwekewa vyombo juu, kama la chumbani kando ya kitanda, silikoni ndiyo niipendayo. Ni ile ya kwenye mkebe mrefu, mafundi wa madirisha ya aluminiamu wanaitumia kuziba kioo. Geuza zulia, kung'uta vumbi, kisha chora mistari ya silikoni mgongoni mwake, myembamba kama uzi wa kamba ya viatu, nafasi ya shubiri kati ya mstari na mstari. Bapaza mistari kidogo kwa kijiti. Itanuka kama siki. Usiligeuze zulia mpaka siku ya pili, silikoni iwe imekauka kabisa, la sivyo utakuwa umelibandika sakafuni kwa mkono wako mwenyewe. Ikishakauka hainati, inang'ang'ania tu, kama nyayo za viatu vya mpira. Zulia linainuliwa kwa mkono mmoja na kuoshwa, na kazi hiyo inadumu miaka kadhaa. Usiifanye kwenye mgongo wa kapeti la plastiki, haina maana huko.

Sasa njoo kwenye hila inayopendwa kuliko zote: vipande vya tyubu ya baiskeli au ya gari chini ya zulia. Kwenye saruji tupu ni hila nzuri, sina neno. Kata tyubu mikanda mipana kama kiganja, iweke kwenye pembe na katikati ya kila upande, basi. Lakini usiweke mpira mweusi ukagusana na kapeti la plastiki, si chini yake wala juu yake. Kuna kitu kwenye mpira kinachoingia ndani ya plastiki polepole na kuigeuza rangi ya manjano, na baadaye ya kahawia, na doa hilo haliko juu. Hakuna sabuni, jiki wala maombi yatakayolitoa. Ndivyo ilivyo pia ile mikeka ya mlangoni yenye mgongo wa mpira: ikikaa juu ya kapeti la plastiki miezi sita, itachora umbo lake milele. Nyumba nyingi nilizoingia Kyela zina mstatili wa manjano mlangoni, na wenye nyumba wanawalaumu watoto.

Mlangoni penyewe pana taabu zake. Ndipo kila mguu unapogonga, ndipo mchanga wa Matema unapoingilia, na ndipo mwera, upepo ule wa kusini unaovuma juu ya ziwa miezi ya katikati ya mwaka, unapopata ukingo wa kuinua. Mchanga ukishaingia chini ya kapeti unakuwa kama gololi na msasa kwa wakati mmoja. Hapa nafunga utepe wa aluminiamu, upana wa vidole vitatu, kutoka kizingiti hadi kizingiti, kwa skrubu tatu au nne zinazoingia kwenye plagi za plastiki zilizotobolewa sakafuni. Kabla ya kutoboa, fungua na ufunge mlango juu ya utepe uone kama unapita. Wengi hugundua baadaye kwamba mlango sasa hautaki kufunguka, ndipo seremala anaitwa aje kuukwangua. Vichwa vya skrubu vizame. Huku tunavua viatu mlangoni, na skrubu iliyotokeza nusu milimita itaujua wayo wa kila mgeni.

Pembeni mwa kuta, kama huwezi kuvumilia kuuona ukingo wa kapeti, tumia ukanda wa mbao au wa plastiki, huo mafundi wanaouita skatingi. Ila uufunge ukutani, si sakafuni, na kwa skrubu, si kwa misumari. Ukanda ukae juu ya ukingo wa kapeti na kuugusa tu, usiubane, kapeti liweze kutanuka chini yake. Skrubu moja kila sentimita 60 inatosha. Kama nyumba ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, tafuta tofali lenyewe na usitoboe maungio, maana plagi itazunguka humo bila kushika. Mbao uipake dawa ya mchwa pande zote, pamoja na mgongo na ncha zilizokatwa, maana fundi asiyesimamiwa hupaka upande unaoonekana. Mimi nimehamia kwenye kanda za plastiki, si nzuri kwa macho, lakini mchwa wameshazisusa.

Velkro, ile mikanda ya kunata iliyo kwenye viatu vya watoto, inafaa kwa zulia la manyoya lililo mahali pa purukushani. Upande wenye kulabu ubandike sakafuni. Upande wenye manyoya mpe fundi viatu aushone kwenye mgongo wa zulia, maana yeye ana sindano na uzi wa kuhimili. Cherehani ya nyumbani itavunjika sindano. Vipande vinane vya urefu wa kidole vinashika zulia la mita mbili kwa tatu.

Kuna kifaa kimoja ambacho vijana waliofanya kazi mijini au ng'ambo huja wakikitafuta: kibanzi chembamba cha ubao, upana wa sentimita mbili na nusu hivi, chenye safu za vimisumari vilivyolala kuelekea ukutani. Kinapigiliwa sakafuni kuzunguka chumba, kapeti zito la kufumwa linavutwa kwa kifaa cha kusukumwa na goti, likinasa kwenye vimisumari halirudi. Ulaya na Marekani ndiyo namna ya kawaida, na ni kazi nzuri ikifanywa na anayeijua. Huku sikishauri hata kidogo. Vimisumari hushika kutu, ubao ni chakula cha mchwa, kapeti la plastiki linachanika juu yake, na watu wanaotembea pekupeku, na watoto wanaotambaa, watazijua ncha zile kabla ya wiki kwisha. Tena hakuna njia ya kukitoa usiku wa manane maji yakiwa kwenye vifundo.

Ngazi nitazipita haraka, kwa kuwa nyumba nyingi bondeni ni za chini. Nyumba za kale za Uingereza zilishika zulia la ngazi kwa fimbo za shaba, moja kwenye kona ya kila kidato. Kama umejenga ghorofa, acha ngazi bila kapeti, mafundi wavipige vidato mistari mikavu ya saruji visiteleze.

Na gundi? Gundi ya mbao nyeupe inayeyuka ikikaa majini, kwa hiyo itakuachia sakafu ya uji. Gundi ya viatu inashika mpaka mwisho wa dunia, na mvuke wake huwaka: niliwahi kuona mtu akiipaka chumba kizima, madirisha yamefungwa, jiko la mkaa likiwa kwenye korido. Mungu ana subira. Anayelazimika kuitumia, kwa mfano mwenye duka anayepitiwa na mikokoteni, afungue milango yote, azime moto wote, na apake mistari kwenye kingo tu. Kwa nyumba ya kuishi sioni sababu. Kwa nyumba ya kupanga sioni hata mjadala, kwa sababu mabaka ya gundi ndiyo yatakayokula pesa yako ya amana, na baba mwenye nyumba atakuwa na haki.

Jambo dogo ambalo watu hulichanganya na kapeti: usipitishe waya wa umeme chini yake ili usionekane. Waya unaokanyagwa kila siku unachubuka, unapata joto lisilo na pa kutokea, na juu yake kuna kitu kinachowaka. Pitisha ukutani.

Sasa siku ya maji. Ukiwa umefuata ushauri huu, chumba cha mita nne kwa nne kinaweza kuvuliwa kapeti na watu wawili kabla chai haijachemka. Weka bisibisi mahali pamoja panapojulikana na wote. Ya kwetu imening'inizwa kwa kamba nyuma ya mlango wa jikoni. Anza na utepe wa mlangoni, maana ndiko maji yanakotokea na ndiko mtakakopita. Skrubu zitie kwenye kopo lenye mfuniko. Ondoa kanda za pembeni, achanisha maungio taratibu ukivuta kwa usawa wa sakafu, si kuelekea juu, kisha viringisha. Kapeti la plastiki liviringishwe uso ukiwa nje, halitavunjika wala kuotesha mikunjo, na usilikunje kamwe kama shuka, maana mkunjo mmoja ni ufa. Robota lipandishwe kwenye kenchi, likalale juu ya mbao tatu lisining'inie katikati.

Maji yakitoka, usikimbilie kurudisha. Osha tope lingali laini, likikauka litakuwa tofali. Fungua madirisha, acha sakafu wiki mbili au tatu, rudia kipimo cha nailoni. Zulia la manyoya lililolowa maji ya mafuriko lioshwe kwa sabuni na kuanikwa juu ya kamba mbili, upande wa mgongo ukipigwa na jua kwanza. Kama limekaa majini zaidi ya siku mbili na linanuka hata baada ya kukauka, lipeleke bandani kwa mbuzi, usilirudishe chumba anacholala mtoto.

Kabla ya masika yajayo, siku moja ambayo huna kazi, geuza kila kipande na uandike mgongoni kwa wino usiofutika: mlangoni, dirishani, chini ya kabati, na mshale unaoelekea ziwani. Shangazi alicheka nilipomwandikia ya kwake. Mwaka uliofuata aliyatandika peke yake, mjukuu akimsomea. Na mkeka, kama unao, uache wa mwisho kutolewa; mtahitaji pa kukalia mkiwa mnafungua hizo skrubu.